Maswali ya Karakana: Vaisi inainua kazi, ninunue ingine ama nijitengenezee?

SWALI: Fundi habari ya siku nyingi. Mimi niko Kisumu huku Obunga, kazi yangu ni mashine za posho, shafti, puli, njia za kii (ule mfereji wa kipande kinachofunga puli kwa shafti), hivo tu. Nilipata mashine ndogo ya milingi (ile ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka) ya mkono wa pili, ile ya kukaa juu ya benchi, na ikakuja na vaisi ya drili, yaani jiliwa la kubana chuma kati ya mataya mawili. Sasa nikikaza, kazi, yaani kile chuma ninachokata, inainuka kidogo, nagonga na nyundo ya plastiki inashuka, nikiongeza kukaza inainuka tena, mwisho njia ya kii inatoka kina kimoja huku na kingine kule na mteja si mjinga anaona. Vaisi ya maana niliuliza bei nikarudi nyumbani kimya. Nataka kutengeneza yangu, niko na plati ya milimita 25, welding, drili ya kusimama na rafiki mwenye leithi, mashine ya kuchonga vyuma vya mviringo, hapo Kibuye. Nitumie skrubu ya saizi gani ndio ishike sawasawa? Na nichomelee ama nitafute watu wa kumwaga chuma?
– Fundi wa posho, Kisumu

JIBU: Omera, hiyo ya skrubu kila mtu huanza nayo na si hapo shida iko. Nguvu unayo. Skrubu ya M12 tu, mkono wa sentimita 20, ukisukuma kwa nguvu ya kilo 10, hiyo ni torki, nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni mita 20, na hata ukitoa ile inayoliwa na msuguano taya bado linabana kwa kitu kama kilo 800. Kazi yako haihepi kwa sababu ya kukosa kubanwa, inahepa kwa sababu inabebwa.

Weka hiyo vaisi macho yaione kwa upande. Skrubu inasukuma huku chini, kazi inashikwa huku juu, kwa hivo ukikaza taya linalosonga linataka kulala chali, nyuma linakanyaga na mbele linainuka, na kazi yako iko hapo mbele. Kwa drili haisumbui mtu maana drili inasukuma chini. Milingi inasukuma kando, na kisu chenye meno ya kuzunguka ka skrubu kinavuta kazi juu, sasa vaisi inainua na kisu kinavuta, wewe ulitarajia nini?

Kwa hivo ukichora vaisi yako uliza swali moja tu, nikikaza, taya linaenda chini ama juu? Wamarekani wa Kurt, kampuni ya huko Minneapolis, walilimaliza kwa kuweka kitu ka nusu ya gololi kati ya nati na taya, nati ina uso wa mshazari, skrubu ikivuta mbele ule mshazari unavuta taya chini pia. Ni ujanja mzuri sana ila unataka bodi ndefu kwenda juu, na kwa mashine yako urefu ndio pesa. Ile nafasi kati ya spindo (mhimili unaozungusha kisu) na meza lazima iingie koleti ya kushika kisu, kisu, kazi na vaisi yenyewe, vaisi ikikula nusu utabaki na mashine nzuri ya kukata karatasi.

Mimi ningekwambia tengeneza ile isiyo na skrubu ndefu, ile mafundi wa daizi, wanaotengeneza kalibu za chuma, hutumia kwa grainda ya kusawazisha uso. Bolti moja ya aleni inaingia nyuma ya taya linalosonga, inashuka kwa mshazari wa nyuzi 45 kuelekea taya lililosimama, inashika pini nene iliyolala kukata njia chini ya bodi. Ukikaza, vile taya linasukumwa mbele ndivo linavutwa chini, kipimo kile kile. Kubadilisha upana unalegeza, unasogeza pini kwa notchi ingine, unakaza tena. Inakaa fupi, na haina skrubu ya kuzungusha mpaka mkono uchoke.

Na hiyo plati yako ya 25 inatosha kabisa. Kata reli mbili za kimo cha milimita 40, urefu 200, zisimame na nafasi ya 20 katikati, upana wote unakuwa 70, meza yako itabeba bila kulalamika. Kabla ya kuziunga, toboa upande wa ndani wa kila reli mstari wa mashimo ya 16.5, kina 10, kutoka kati ya shimo hadi kati ya lingine 20, na mstari wenyewe uwe 20 kutoka juu. Shika reli mbili pamoja ukipiga alama, maana mashimo yasipoangaliana pini itakaa kombo na taya litakaa kombo nayo. Alafu kula chuma chote cha ndani kilicho chini ya kati ya hayo mashimo, kina kile kile cha 10, na umebaki na notchi za nusu duara zinazoangalia chini. Pini ni chuma cha mviringo cha 16, urefu 38, rafiki yako wa leithi anaitoboa 8.5 katikati na kupiga tapu ya M10, ile ya kukata nyuzi za bolti ndani ya shimo. Bolti iwe ile ngumu ya alama 12.9 kichwani, usiniletee bolti ya kitanda. Chini ya kichwa weka wosha ya mgongo wa mviringo, na tundu la taya liwe kubwa kiasi, maana mshazari hubadilika kidogo taya likisonga na bolti ikikosa nafasi itajipinda.

Usichomelee. Najua mkono unakuwasha ukiona welding, lakini moto unavuta chuma upande mmoja na reli zako zitatoka ndizi, na ukizinyoosha zitarudi polepole ukiwa umeshaanza kuziamini. Funga reli na taya lililosimama kwa bolti za M8, kaza zote, hakikisha na skwea, ndio utoboe na kupitisha rima, ile ya kusawazisha shimo, kwa ajili ya pini za 8. Bolti kazi yake ni kushika na pini kazi yake ni kukataza kuhama, moja haifanyi kazi ya mwenzake. Kumwaga chuma si mbaya, vaisi nyingi za dukani ni chuma cha kumwaga kwa sababu kinatulia na kinameza mtetemo, ila majiko mengi huku kwetu yanamwaga aluminiamu, na ya aluminiamu achana nayo.

Ukikosa plati ukaenda kwa vyuma chakavu, angalia unanunua nini. Kipande cha reli ya treni ama anglaini ya mnara wa stima hata ukipewa bure kataa, unakumbuka 2022 biashara yote ya skrapu ilifungwa nchi nzima kutoka Januari kwa sababu ya watu waliokuwa wakiharibu minara ya stima, wenye makosa na wasio na makosa wote wakalala njaa mpaka Mei.

Sasa utamu uko hapa. Usihangaike na tupa kutafuta unyoofu, mashine yako ndio itaisawazisha. Kwanza geuza bodi, pitisha kisu chini mpaka ikae bila kucheza. Igeuze, ifunge kwa meza na klampu za pembeni, na kwa ufungaji huo mmoja, bila kulegeza chochote, pitisha kisu juu ya reli alafu kwa uso wa taya lililosimama. Kitanda na taya vitatoka vimefuata mwendo wa mashine yenyewe. Taya linalosonga lipe ulimi wa kuingia kwa ile nafasi ya 20, uteleze bila kucheza, ikicheza zaidi ya unene wa karatasi ya daftari rudia.

Huna dayo geji, ile saa ya kupimia unyoofu? Kata vipande vinne vya karatasi ya sigara, weka chini ya pembe nne za kazi, kaza, jaribu kuvuta. Vyote vikishikwa, kazi imelala. Kimoja kikitoka, pembe hiyo iko hewani na sasa unajua ni gani. Na kazi yenye uso mbaya wa kukatwa na msumeno, weka kipande cha nondo laini ya mviringo kati yake na taya linalosonga, ndio uso mzuri ulale wote kwa taya lililosimama. Hilo lililosimama ndilo la kuaminiwa, na panga kazi kisu kisukume kuelekea huko, si kwa lile lingine.

SWALI: Mimi nafundisha chuo cha ufundi huku Kakamega. Tulitaka wanafunzi watengeneze sahani za mataya, vile vipande vya chuma vinavyokaa usoni mwa mataya ya vaisi, kwa springi ya lori lakini drili zinavunjika. Tufanyeje?
– Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu shikamoo. Drili hazina kosa, springi ilishafanywa ngumu. Iwekeni kwa makaa mpaka iwe nyekundu na sumaku ikatae kuishika, ongeza moto kidogo tu, alafu izikeni kwa jivu kavu mpaka kesho yake. Itatoboka vizuri. Mkimaliza kutoboa na kunyoosha, rudisheni kwa moto huohuo wa sumaku na muichovye kwa oili, sio maji, maji yataipasua. Ikitoka ni ngumu ka glasi, ing'arisheni na msasa na muipashe polepole mpaka ile rangi ya majani makavu itokee, muache hapo. Itajipinda kidogo kwa huo moto kwa hivo acheni unene wa kusaga baadaye, na kama chuo hakina grainda ya kusagia, wekeni tu sahani laini bila kuchovya, zikiisha mtabadilisha.

SWALI: Mkubwa, kuna vaisi naona Nakuru iko na besi ya kuzunguka yenye nyuzi za pembe zimeandikwa. Inasaidia ama ni mapambo?
– Kijana wa Nakuru

JIBU: Kwa mashine ndogo itoe uweke kabatini. Inakula kimo, na inaongeza mahali pengine pa kucheza. Siku ukitaka kukata mshazari, legeza klampu uzungushe vaisi yote juu ya meza.