Maswali na Majibu: Akili ya Nini, Yakhe?

Barua zimerundikana mezani, na karibu zote zazunguka pale pale: nani ana akili na nani hana. Nimechagua zilizonifurahisha na zilizonikera. Wanaoniuliza tena dawa ya kuongeza akili, jibu lenu liko huko chini, na ni mara ya mwisho.

Kijana wangu yuko gredi ya 6. Darasani hesabu zinampiga chenga, lakini jioni akiniuzia viazi karai gatini hakosei chenji hata shilingi. Mwalimu asema hana akili ya hesabu. Ana akili gani katika zile nane? – Mama, Langoni

Mama, zile aina nane za akili wazitajazo walimu ziweke kando kwanza, nitazirudia huko chini. Mwanao anayo hiyo hiyo ya hesabu aliyoambiwa hana.

Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti uliofanywa Recife, Brazil, juu ya watoto watano wauzaji wa mitaani. Watafiti walijifanya wanunuzi, wakawauliza bei na chenji. Watoto walipata 98% ya majibu. Baadaye hesabu zile zile zikaandikwa kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala ndimu, na watoto wale wale wakapata 37%. Mmoja aliulizwa nazi 10 ni kiasi gani, moja ikiwa 35. Hakuongeza sifuri kama tufundishavyo. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine 210, akaendelea kujumlisha hadi 350. Ni njia ndefu, lakini jibu ni sahihi.

Basi mnunulie daftari. Kila jioni aandike mauzo: viazi vingapi, noti gani, chenji ngapi. Lipelekeni kwa mwalimu mkiwa wawili, wewe na yeye. Wala usitulie kwa kujiambia "wangu ana akili ya mtaani", maana sehemu na asilimia hazitamjia gatini. Na saa mbili usiku awe nyumbani.

Nasema haya kwa aibu. Nilifundisha hesabu miaka 23, na kuna mtoto niliyekuwa nikimwita kichwa maji mbele ya wenzake. Jioni moja nikamkuta barazani akimfunga mzee bao. Mashimo 32, kete 64, naye aijua kete ya mwisho itakapoangukia kabla hajagusa ya kwanza. Nilipita kama sikumwona.

Nimefanya jaribio la akili, hili la IQ, kwenye simu nikapata 143, na kundi letu zima la WhatsApp limepita 140. Je, nahesabiwa katika majiniasi? – Kijana, Malindi

Umelipa kiasi gani kuyaona matokeo? Jaribio la kweli hufanywa na mtaalamu, ana kwa ana, na laweza kupita saa nzima. Wastani wake umewekwa kuwa 100, na watu wawili katika kila watatu huangukia kati ya 85 na 115. Wanaopita 130 ni kama wawili tu katika mia. Wewe waniambia kundi lenu zima la WhatsApp limepita 140. Ama Malindi imeteremkiwa na jambo, ama mwenye programu ajua kuwa mtu aliyesifiwa hutoa pesa bila kunung'unika.

Babangu hajui kusoma, na aunda majahazi bila mchoro wowote. Mjomba asema huo ni ufundi tu, si akili. Wazungu wasemaje? – Matondoni

Wazungu wenyewe hawajapatana. Charles Spearman, Mwingereza, alisema mwaka 1904 kuwa mwenye kufanya vizuri somo hili huelekea kufanya vizuri na lile, kwa hiyo kuna nguvu moja ya jumla nyuma ya yote. Mwaka 1983 Howard Gardner wa Marekani akasema akili ni saba, baadaye akazifanya nane. Walimu wetu walimpenda sana huyu wa pili kwa kuwa hamwachi mtoto mkono mtupu. Lakini wanasaikolojia wengi wamlaumu: hizo nane hazijathibitishwa kuwa zajitegemea. Naye mwenyewe amewahi kukiri kwamba angeziita vipaji, watu wasingegeuza shingo.

Hapo ndipo ninapoudhika. Kwa nini ufundi wa babako ungoje kubatizwa jina la "akili" ndipo mjomba auheshimu? Babako hulitazama gogo lililopinda, gome lingali juu yake, akajua taruma hili, yaani ubavu wa jahazi, ni la upande gani wa chombo. Mjomba hata akipewa mchoro atapotea.

Nawe ujue vipimo hivi vya akili vilitoka wapi. Alfred Binet na Théodore Simon walitunga chao Paris mwaka 1905 ili wajulikane watoto wanaohitaji msaada shuleni. Binet hakuamini kuwa kinapima kitu kisichobadilika. Kilipovuka bahari kikageuzwa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza jeshi la Marekani lilipima askari kama milioni 1.7, na baadhi ya maswali yalihusu bidhaa na michezo ya Kimarekani. Wahamiaji waliotoka melini juzi wakaandikwa wapungufu. Ni sawa na kumleta mtu wa Chicago Matondoni, kumwuliza kalafati ni nini na foromali hukaa wapi, kisha kumwandikia mamake kuwa mwana hana kitu.

Kisa kingine ni cha Liberia. Watafiti waliwapa wakulima wa Kikpelle vitu wavipange: vyakula, vyombo, nguo, zana. Wakulima wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu ndicho kikatacho chungwa, wakasema hivyo ndivyo afanyavyo mwenye busara. Mtafiti akachoka, akauliza: na mpumbavu angepangaje? Mara moja wakapanga mafungu manne safi, kama alivyotaka profesa.

Akikwambia tena mjomba kuwa hiyo si akili, mwulize: akili ya nini?

Ni kweli wa ubongo wa kushoto ni wa hesabu na wa kulia ni wa sanaa, na kwamba twatumia 10% tu ya ubongo?

Si kweli. Na la pili pia si kweli.

Nani wana akili zaidi, wanaume au wanawake? – Baraza la Mkomani

Wastani wa jumla ni ule ule. Mara ya nne naulizwa, na kila mara mwulizaji ni mwanamume.

Shuleni kwa mwanangu wa miaka minne walikuja watu na mashine ya kusoma alama za vidole. Wasema ripoti itaonyesha akili yake ni ya aina gani. Nilipe?

Usilipe.

Alama za vidole hujichora mtoto angali tumboni, na hazibadiliki hadi kaburini. Ndiyo sababu polisi huzitumia. Akili hukua, huchoka, hufundishika, huathiriwa na njaa. Kitu kisichobadilika kitawezaje kukupa habari za kitu kinachobadilika kila siku? Zamani mpiga ramli alitandaza mchanga, akakwambia mwanao atasafiri. Huyu ana mashine na karatasi ya rangi. Ukitaka kumjaribu, mpeleke mtoto mmoja mara mbili, ukimwita majina mawili.

Kinachonitisha si pesa tu. Karatasi iliyoandikwa "si mtoto wa sayansi" huwekwa kabatini, na mzazi huikumbuka mtoto akaribiapo gredi ya 10 na kutakiwa achague mkondo mmoja kati ya mitatu. Miaka kumi nyumba nzima imeishi kwa neno la mashine. Na hao wanaowagawa watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kugusa, kila mmoja afundishwe kivyake, nao nawaweka kapu moja. Wanasaikolojia waliupitia utafiti wa jambo hilo mwaka 2008, wasikute ushahidi wa kutosha.

Bibi akisema "mtoto huyu ana akili" ana maana anaamkia watu na akitumwa hufika. Mwalimu ana maana amekuwa namba moja. Nani yuko sahihi? – Msomaji wa Shela

Swali hili limenilaza macho. Jirani zetu Wajaluo wanayo maneno manne: *rieko*, ujuzi na maarifa, yakiwemo ya shuleni, *luoro*, heshima, *winjo*, kuelewa jambo lilivyo na namna ya kulikabili, *paro*, kufikiri na kuanza jambo. Watafiti walipouliza vijijini karibu na Ziwa Victoria, hilo la kwanza peke yake ndilo lililoendana na alama za darasani. Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake waliwapima watoto wa huko pia ujuzi wa miti-dawa ya kienyeji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yaligeuza vichwa: watoto waliojua dawa zaidi walielekea kupata chini katika vipimo vya msamiati wa shule. Saa alizokuwa porini na nyanya yake, mtoto hakuwa na kitabu mkononi.

Sisi tumelitwika neno moja *akili* mizigo yote hiyo, na huku tunayo werevu, ujanja, busara, hekima na maarifa, tena tunao msemo kuwa akili nyingi huondoa maarifa. Bibi yuko sahihi kwa mtoto wa kukaa naye nyumbani. Mwalimu yuko sahihi kwa karatasi yake. Wamtazama mtoto mmoja kwa kazi mbili. Kosa ni la mzazi anayemnyang'anya bibi neno lake na kumwachia mwalimu peke yake.

Nilihifadhi juzuu 30 nikiwa na miaka 13, lakini biolojia nafeli. Mbona akili yafanya kazi kule, huku yagoma?

Niambie ulihifadhije. Kila siku, kwa sauti, msahafu umefungwa, sheikh akikurekebisha, na ya jana ukiyarudia kabla ya mapya. Biolojia je? Usiku wa kuamkia mtihani, macho yamekodolea daftari. Kujiuliza huku kitabu kimefungwa huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma tena na tena, na hilo limepimwa mara nyingi katika maabara. Fanya biolojia kama ulivyofanya juzuu. Na kama kule tafsiri ilikuwa darasa la pili baada ya kuhifadhi, huku nako kuujua moyo unavyosukuma damu si sawa na kuutaja kwa moyo.

Dawa gani huongeza akili ya mtoto?

Hakuna ya chupa. Ipo chumvi yenye ayodini, na ile ghafi ya kununuliwa kwa debe huenda haina. Ipo chai ya asubuhi na kitu cha kutafunia. Yapo macho na masikio, yapimwe kabla hujamwita mtoto mzito. Na kuna sumu ya risasi, ile metali iliyomo ndani ya betri za gari: msimfanye mtoto avunje betri kuukuu za gari kwa ajili ya vyuma chakavu, mmesikia yaliyowapata watu wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Embu, watoto wa vijijini walipimwa mwaka 1984, na wengine wa umri ule ule walipopimwa 1998 wakawa wamepanda sana. Waliowapima walitaja wazazi waliojua kusoma zaidi, familia ndogo zaidi, na lishe na afya bora. Sharubati hawakuitaja.

Kwa nini mjinga huitwa punda, na punda wa Lamu wajua njia?

Nimewaona wakitoka pwani na mchanga mgongoni, hakuna mtu nyuma, wakapinda vichochoro vitatu na kusimama kwenye nyumba inayojengwa. Siku hiyo mwenye punda alikuwa angali gatini, akiuliza nyumba ni ipi.