Bomba Likikwama Kwenye Udongo Mweusi, Usilaumu Mashine

Fundi mmoja wa Ahero ameniandikia: mabomba ya kupitishia kebo za umeme yamekwama chini ya barabara, kwenye tundu la mlalo lililochimbwa bila kupasua lami, mashine ya kuchimba inavuta hadi inanguruma, na bosi anataka iletwe kubwa zaidi. Ndugu yangu, mashine kubwa italikata bomba tu. Kagua tope lako la kuchimbia, lile linalopampwa tunduni kubeba udongo nje.

Udongo mweusi wa nyanda za Kano, huko huko Ahero, hunywa maji ukavimba. Ukichimba kwa maji matupu, tundu pana la asubuhi hubana kufika jioni, na udongo hung'ang'ania rima, kile kichwa cha kutanulia tundu, kama ugali kwenye mwiko. Pima maji kwanza, pH (kipimo cha asidi na alkali) iwe 8.5 hadi 9.5. Ikiwa chini, tia magadi soda ya unga ya kiwandani (soda ash), si yale mawe ya kupikia mboga, kwa sababu yana chumvi na chumvi huzuia bentonaiti, unga wa udongo wa kutengenezea tope, kuvimba. Halafu tia bentonaiti, kama kilo 25 kwa lita 1,000, ukoroge hadi mabonge yaishe, ndipo polima, dawa ya kuzuia udongo usivimbe na kunata, ifuate. Polima ikitangulia, bentonaiti haiivi.

Sasa piga hesabu. Mabomba matatu ya milimita 200 yakifungwa pamoja yana upana wa 430 hivi. Zidisha kwa 1.5, unahitaji tundu la 650. Kutanua kutoka 450 hadi 650 kunatoa lita 173 za udongo kila mita. Kwenye udongo huu kila lita inataka angalau lita tatu za tope, yaani lita 520 kwa mita. Pampu ya lita 200 kwa dakika itachukua karibu dakika nane kwa chuma kimoja cha kuchimbia cha mita 3. Ukikimaliza kwa dakika tatu, udongo umeuacha ndani, na bomba litakuja kuukuta. Wasimamizi, acheni kuwasifu vijana kwa idadi ya vyuma kwa siku! Tazameni tope linarudi shimoni. Likikoma kurudi, simamisheni kuvuta. Na msilale kabla bomba halijaingia.

Nakuru ni kinyume: majivu ya volkano na nyufa humeza tope, kwa hiyo ongeza bentonaiti na upunguze shinikizo.

Usizamishe tundu mita 8 kwa kuogopa bomba la maji usilolitafuta. Kadiri kebo inavyokwenda chini, joto linakosa pa kutokea, na insulesheni ya XLPE, plastiki inayofunika waya wa kebo, haitakiwi kupita nyuzi 90. Kebo ya kori moja (yenye waya mmoja tu wa umeme ndani) usiipitishe peke yake kwenye bomba la chuma, chuma kitachemka.

Kabla ya kebo, pitisha kipimio ndani ya bomba kuona kama liko wazi. Kebo ya alumini ya milimita za mraba 630 isivutwe zaidi ya kilonyutoni 18.9, yaani nyutoni 30 kwa kila milimita ya mraba. Weka kipima nguvu kwenye winchi, kisha pima ganda la nje kwa umeme wa DC kabla ya kufunga jointi yoyote.