Tuiteni wakati wa mbalamwezi

Mhariri, wiki hii mmeuliza mwananchi wa kawaida ashirikishwe vipi katika kusimamia eneo la maji lililohifadhiwa, iwe baharini au ziwani. Mimi ni mwanamke ninayenunua na kuanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, Igombe, hapa Mwanza, na nitajibu kwa kuanzia na saa ya mkutano.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, usio na mbalamwezi, kwa taa. Mitumbwi hurudi alfajiri, tunanunua kwa ndoo na kukimbilia kwenye chanja, maana dagaa wakikaa kwenye beseni jua likapanda wanaharibika. Wavuvi nao wakishashusha mzigo wanalala. Sasa mkutano wa kutenga mazalia ya samaki kwenye ghuba yetu uliitwa siku za giza, saa nne asubuhi. Wanawake wangapi waliweza kuacha chanja? Mimi nilikwenda na magamba mikononi, nikamwachia mwanangu kazi ya kugeuza dagaa.

Chini ya mwembe palikuwa na ramani juu ya benchi, imewekewa mawe pembeni isipeperushwe na upepo. Mstari mwekundu ulikuwa umeshachorwa kufuata matete. Mzee mmoja aliyezeeka na nyavu za sato aliinama akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole nje ya mstari. Akasema sato hawachimbi viota ndani ya matete, wanachimba hapa kwenye mchanga, maji yakiwa mafupi; jike anaondoka na mayai mdomoni kwenda kuyatunza, na makokoro, zile nyavu za kukokotwa, yanapita hapahapa. Akajibiwa kwa upole kwamba ramani imeshakamilika, ila maoni yake yatazingatiwa. Ikazungushwa fomu ya mahudhurio, tukasaini. Miezi kadhaa baadaye tukasikia ikisomwa kwamba wananchi wa mwalo wetu walishirikishwa kikamilifu. Ushahidi ulikuwa saini zetu.

Liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu hakuna aliyepinga mazalia kulindwa. Sisi ndio tunaoona sangara wachanga wakishushwa na nyavu za timba, na sisi ndio tutakaolala njaa samaki wakiisha.

Sheria yenyewe haikukosea. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya mwaka 1994, iliyotangulia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, inataka vijiji vinavyotegemea eneo husika vihusishwe katika hatua zote za kupanga, kuendeleza na kusimamia, vigawane faida, na vipewe kipaumbele katika kutumia rasilimali. Narudia: hatua zote. Kule Mafia eneo limegawanywa kwa kanda. Kuna sehemu haziguswi kabisa, na kuna sehemu mwenyeji anavua kwa zana zinazoruhusiwa. Mgawanyo wa namna hiyo hauwezi kuchorwa vizuri bila mtu anayejua mkondo unapita wapi na samaki anataga wapi.

Kwetu huku ziwani tuna BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na mwongozo wake unataka kamati iwe na wenye mitumbwi, wavuvi wanaoajiriwa, wachuuzi na wanawake. Kwenye karatasi ni mpango mzuri sana. Lakini mvuvi anayeajiriwa na tajiri hawezi kusimama mbele ya tajiri huyohuyo akasema kokoro la nani lilionekana jana usiku. Asikilizwe peke yake, na mwanamke wa chanja asikilizwe kama mtu anayejua samaki, asiwe wa kupika chai ya wageni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Tuiteni wakati wa mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi ya dagaa imepumzika, alasiri, mwaloni penyewe. Ramani ije haina mstari. Mkitoka na maoni yetu, rudini mtuambie lipi mmelichukua na lipi mmeliacha, na kwa nini, kabla hatujasaini chochote. Na faini zinazotozwa kwenye eneo hilo zisomwe hadharani, pamoja na kiasi kinachobaki mwaloni kununulia mafuta ya boti ya doria, maana vijana wetu wanaolinda usiku wanachangishana wenyewe.

Mzee yule bado yupo. Aulizwe tena kuhusu ule mchanga, na safari hii mtu aandike.