Mfumo wa FoxPro kwenye seva pepe: usitenganishe programu na data yake

Mtunza hesabu wa SACCOS yenye matawi mawili ameniandikia akiomba ushauri. Shida yake ipo kwenye ofisi nyingi kuliko tunavyokubali kusema. Mfumo wao wa mikopo umeandikwa kwa Visual FoxPro 9, programu ya zamani ya Microsoft ya kutengenezea mifumo ya hifadhidata. Aliyeuandika hapatikani tena, lakini mfumo wenyewe ni mzima: unakokotoa riba, unatoa taarifa za wanachama, unafunga mwezi. Kompyuta iliyobeba data ndiyo iliyochoka. Wakakodi seva pepe (kompyuta inayoendeshwa kwa programu ndani ya mashine kubwa ya mtoa huduma), wakahamishia huko folda ya data, wakaunganisha matawi kwa VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), kisha wakaielekeza programu kwenye diski Z, yaani folda ile ya mbali. Tangu hapo orodha ya wanachama inachukua dakika nzima kufunguka, na kila baada ya siku chache jedwali fulani linagoma kwa kosa namba 2091. Anauliza kama wakodi seva kubwa zaidi.

Seva kubwa haitawasaidia chochote. Walihamisha data wakaiacha programu nyuma, na kwa mifumo ya aina hii hilo ndilo kosa lenyewe. FoxPro na Access (hifadhidata ya Microsoft Office) hazina seva ya hifadhidata inayopokea swali na kurudisha jibu. Kompyuta ya mtumiaji ndiyo inayofungua faili, inasoma faharasa (orodha ya kutafutia rekodi haraka), inachambua rekodi na kuzifunga zisiguswe na mwingine. Folda ya upande wa pili ni kabati tu.

Piga hesabu uone. Tuseme ripoti inahitaji kusoma vipande 2,000 vya faili, kimoja baada ya kingine. Kwenye waya wa ofisini, safari moja ya kwenda na kurudi ni kama nusu milisekunde, kwa hiyo kazi yote inaisha kwa sekunde 1. Kwenye VPN yenye milisekunde 60, vipande vilevile vinachukua sekunde 120. Ukipandisha kifurushi cha intaneti kutoka Mbps 10 hadi 100 bado utasubiri sekunde 120 zilezile, maana kinachokula muda ni wingi wa safari. Upana wa bomba hauhusiki. Nawasihi wanaouziwa kifurushi kikubwa kama dawa ya tatizo hili wafanye hesabu hii kwanza kabla ya kulipa.

Kuharibika kwa jedwali ni jambo zito zaidi. Faili la .dbf lina kichwa, na ndani ya kichwa hicho kuna baiti 4 zinazotunza idadi ya rekodi. Karani akiongeza mwanachama, FoxPro inaandika rekodi mpya mwishoni mwa faili, inasahihisha ile idadi kwenye kichwa, kisha inaingiza funguo kwenye faharasa ya .cdx. Kama kuna maelezo marefu, inaandika na kwenye .fpt. Hayo ni maandishi kadhaa tofauti kwenye mafaili matatu. Laini ikikatika katikati, rekodi inaweza kuwa imeshafika huku idadi haijasahihishwa. Anayefungua jedwali baada ya hapo anapata 2091: idadi iliyo kwenye kichwa cha faili hailingani na urefu wake. Wapo mafundi wanaoandika SET TABLEVALIDATE TO 0 ili ujumbe usitokee. Amri hiyo inazima ukaguzi tu na kuacha uharibifu uendelee kimyakimya. Itumie wakati wa kutengeneza jedwali, kisha uirudishe ilivyokuwa.

Folda za OneDrive, Dropbox na Google Drive ni mbaya kuliko VPN. Zinanakili faili bila kujua lolote kuhusu rekodi zilizofungwa, na watu wawili wakiandika kwa pamoja utabaki na nakala mbili zinazopingana. Data hai isikae humo hata siku moja.

Mpangilio unaofaa ni huu: programu na data vyote vikae kwenye seva pepe moja ya Windows, na watumiaji waingie kwa Remote Desktop, huduma ya Windows ya kutumia kompyuta ya mbali. Kinachosafiri kwenye intaneti ni picha ya skrini na vibonyezo vya kibodi. Laini ikikatika, kikao kinaendelea kuishi ndani ya seva. Karani akirudi anaikuta fomu yake palepale alipoiacha, na uandishi uliokuwa unaendelea umeshakamilika.

Kuhusu ukubwa, kwa watumiaji 6 hadi 8 naanzia na GB 8 za kumbukumbu, diski ya SSD na viini 4 vya prosesa. Kikao kimoja cha FoxPro kinatumia kiini kimoja, kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua viini vichache vyenye kasi kuliko vingi vya polepole. Visual FoxPro 9 ilitoka mwishoni mwa 2004 na msaada wa Microsoft ukakoma tarehe 13 Januari 2015, lakini inafanya kazi vizuri kwenye Windows Server 2022, kwa kuwa Windows ya biti 64 bado inaendesha programu za biti 32. FoxPro 2.6 ya DOS na Clipper ni programu za DOS, na hizo hazifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64. Kwa hizo, weka vDos au DOSBox (programu zinazoiga kompyuta ya DOS) ndani ya seva, ujaribu uchapishaji na ufungaji wa rekodi kwa watu wawili kabla ya kuahidi lolote.

Leseni nazo zina mtego wake. Windows Server inaruhusu vikao viwili vya Remote Desktop kwa ajili ya usimamizi tu. Ukiongeza huduma ya vikao vingi unapewa siku 120 za neema, zikiisha bila leseni za RDS CAL (za kila mtumiaji au kifaa kinachoingia) watumiaji wanakataliwa mlangoni. Siku hiyo huwa haichagui. Inaweza kuangukia mwisho wa mwezi. Weka gharama hizo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Sasa usakinishaji. Usiweke programu ndani ya C:\Program Files. Programu za zamani hupenda kuandika kwenye folda zao zenyewe, na Windows ikizuia hilo huyageuza maandishi kimyakimya yaende kwenye folda ya VirtualStore ya kila mtumiaji. Matokeo yake Asha anaingiza marejesho ya mkopo, Juma hayaoni, na hakuna kosa lolote kwenye skrini. Kila mmoja ana nakala yake ya jedwali na hajui. Tumia C:\Mfumo, uwape watumiaji ruhusa ya kuandika kwenye folda ya data peke yake.

Kwa FoxPro 9, hakikisha vfp9r.dll, vfp9t.dll, vfp9renu.dll, msvcr71.dll na gdiplus.dll vipo kando ya faili la .exe. Vidhibiti kama MSCOMCTL.OCX visajiliwe kwa regsvr32 iliyo ndani ya C:\Windows\SysWOW64, ukiwa kama msimamizi. Majina ya folda hizi yanapotosha wengi: System32 ni ya biti 64, SysWOW64 ni ya biti 32. Ndivyo ilivyo hata kwa ODBC, njia ya Windows ya kuunganisha programu nyingine na data. Draiva ya FoxPro ni ya biti 32, kwa hiyo fungua odbcad32.exe ya ndani ya SysWOW64, la sivyo hutaiona kwenye orodha na utahangaika kusakinisha upya kitu ambacho kipo.

Kwenye config.fpw, faili la mipangilio ya FoxPro, andika RESOURCE=OFF, kwa sababu watu wanane hawawezi kugombania foxuser.dbf moja (jedwali la mapendeleo ya mtumiaji) kwa amani. Kama kuna mstari wa TMPFILES unaoelekeza kwenye folda ya data, ufute. FoxPro itatumia folda ya muda ya kila mtumiaji. Na kama msimbo wa programu unao, ongeza mwanzoni SYS(3050,1,67108864), yaani MB 64. Bila hiyo kila kikao hujipangia kumbukumbu kana kwamba seva yote ni yake, na wa saba akiingia seva inaanza kuwa nzito.

Saa na tarehe zinastahili aya yake. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC (saa ya dunia) au saa za Marekani, na lugha ya Kiingereza cha Marekani. Ikiwa kwenye saa za Pasifiki, iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10 au 11 kutegemea majira, kwa hiyo miamala mingi ya asubuhi inaingia na tarehe ya jana. Fungua dirisha la amri uandike:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"

Kisha badili mpangilio wa tarehe uwe siku/mwezi/mwaka, kwa kila akaunti ya mtumiaji na kwa akaunti mpya zitakazofuata. Usipofanya hivyo, tarehe 5 Machi inaweza kusomwa 3 Mei bila mtu kustuka. Tarehe 25 Machi itagoma, na hapo ndipo watu huanza kusema mfumo una pepo. Riba iliyokokotolewa kwa tarehe iliyopinduka ni fedha ya mwanachama. Hili lisichukuliwe kwa wepesi.

Printa za sindano zinazotoa stakabadhi zenye nakala huleta usumbufu. Remote Desktop kwa kawaida hutumia draiva yake ya jumla, Easy Print, ambayo huigeuza karatasi kuwa picha. Mistari inahama na uchapishaji unakuwa wa kobe. Sakinisha kwenye seva draiva halisi ya printa hiyo, kisha kwenye sera za kikundi zima ile inayosema Easy Print itumike kwanza.

Mlango wa mtandao wa 3389, unaotumiwa na Remote Desktop, usiachwe wazi kwa dunia nzima. Kuuhamisha hadi 3390 si ulinzi, kwani programu za wavamizi hukagua milango yote. Weka WireGuard (programu ya VPN), ruhusu Remote Desktop kupitia humo tu, na nenosiri likikosewa mara kadhaa akaunti ijifunge. Hapa VPN haina shida yoyote, maana inabeba picha ya skrini tu. Na kama programu yako inadai ufunguo wa leseni wa USB, omba leseni ya programu kutoka kwa mwenye mfumo kabla ya kuhama. Seva ya wingu haina tundu la kuuchomeka.

Kwa wenye Access, kanuni ni ileile na nyongeza zake. Faili la fomu na faili la majedwali vitenganishwe, na kila mtumiaji awe na nakala yake ya faili la fomu. Kikomo ni GB 2 kwa faili. Likifika GB 1.5 anza kupanga kuhamia SQL Server, seva halisi ya hifadhidata ya Microsoft. Ukihamia huko, safu za ndiyo/hapana zipewe thamani ya 0 ya kuanzia na zisiachwe tupu, na kila jedwali liongezewe safu ya rowversion (alama inayobadilika kila rekodi ikibadilika). Bila hayo Access itamwambia karani kwamba mtu mwingine amebadilisha rekodi, wakati yuko peke yake ofisini. Kama majedwali ya .accdb yako kwenye seva pepe ya pili ya mtandao uleule wa ndani, na unapata ujumbe kwamba hifadhidata haiko katika hali sahihi, weka DisableLeasing yenye thamani 1 kwenye rejista ya seva inayotunza faili, chini ya LanmanServer\Parameters, halafu uwashe upya huduma hiyo.

Lakini je, lazima iwe wingu? Kama watumiaji wote wako jengo moja, jibu langu ni hapana. Weka mashine moja nzuri ofisini yenye Hyper-V (programu ya Windows ya kuendesha seva pepe), tengeneza seva pepe humo, nunua UPS, na wingu litumike kwa nakala za akiba. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zetu. Ofisi ambayo mfumo wake uko Johannesburg au Ulaya haiwezi kuhudumia mtu siku kama hiyo, hata kama data iko salama. Wenye matawi mbalimbali hawana budi kukodi, ila wapime kwanza kwa ping (amri inayopima muda wa kwenda na kurudi) kutoka kila tawi, saa za kazi. Kwa uzoefu, chini ya milisekunde 100 karani hahisi tofauti kubwa. Ikivuka 200 atalalamika kila akiandika jina.

Kompyuta nzima ya zamani unaweza kuigeuza seva pepe kwa Disk2vhd, hata ikiwa inafanya kazi. Ni programu ya bure ya Microsoft. Ikiwa Windows yake ni ya biti 32, chagua mashine ya Generation 1 kwenye Hyper-V na uunganishe diski kwa IDE. Ukikosea utakutana na skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Nakala hiyo itumike kwenye mtandao wa ndani tu, bila intaneti.

Nakala za akiba zichukuliwe watu wakiwa nje ya mfumo. Usinakili .dbf au .mdb ikiwa wazi. Panga saa 5:30 usiku: vikao vifungwe, programu ndogo ifungue kila jedwali kwa EXCLUSIVE (peke yake, bila mtumiaji mwingine), na ikifaulu kwa yote ndipo folda ifungwe kwa 7-Zip na kutumwa nje ya seva hiyo. Ikishindwa kwa jedwali hata moja, itume ujumbe. Kwenye ulinzi wa virusi, ondoa .dbf, .cdx, .fpt na .mdb katika ukaguzi wa papo kwa papo, uache ukaguzi wa usiku baada ya nakala.

Mara moja kwa mwezi chukua nakala ya jana, uifungue kwenye mashine nyingine kabisa, ulinganishe vitu viwili na taarifa iliyochapishwa jioni ile: idadi ya wanachama na jumla ya salio la mikopo. Visipolingana hata kwa shilingi, simamisha kila kitu utafute sababu. Kompyuta ya zamani nayo isiuzwe wala kufutwa mpaka mfumo upitie kufunga mwezi mara mbili na kukokotoa gawio mara moja ukiwa kwenye seva mpya.