Kilo 9 za mzigo kwenye baiskeli isiyo na keria

Swali: Nitasafiri kwa baiskeli ya milimani kutoka Moshi hadi Tanga kwa siku sita, nikipitia Lushoto. Hema, mfuko wa kulalia, nguo, jiko dogo na vifaa vya matengenezo vina jumla ya kilo 9. Fremu yangu ni ya alumini na haina matundu ya kufungia keria. Fundi ameshauri achomelee vishikio. Je, nikubali?

Jibu: Ndugu msomaji, tafadhali usikubali. Joto la kuchomelea huipunguzia nguvu alumini iliyo kandokando ya kiungo, na fremu iliyodhoofika hivyo inaweza kupasuka baadaye, pengine ukiwa mteremkoni. Isitoshe, mzigo wako hauhitaji keria. Keria ya chuma na mifuko yake ya pembeni huweza kufika kilo 3 ikiwa mitupu, nayo huongeza uzito kwenye gurudumu la nyuma, ambalo tayari hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji. Ndiyo maana spoki zinazokatika safarini huwa aghalabu za nyuma, upande wa cheni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji, ambayo hukuyataja. Kati ya Same na Mombo ardhi ni kavu na jua ni kali, kwa kuwa milima ya Upare na Usambara huikinga mvua itokayo baharini, hivyo utahitaji kubeba lita 4, yaani kilo 4, na hakuna kitu kingine katika mzigo wako kitakachoyazidi kwa uzito. Yaweke ndani ya pembetatu ya fremu, chini kabisa karibu na pedeli, pamoja na jiko na vifaa vya matengenezo. Uzito ukikaa hapo, baiskeli haiyumbi unaposimama kukanyaga mlimani.

Hema lifungwe kwenye usukani. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili uhakikishe kwamba waya za breki hazibanwi, kisha uikandamize shokapu ya mbele uone kama furushi linagusa tairi. Nguo na mfuko wa kulalia vikae nyuma ya siti, vikiwa vimeshindiliwa mpaka hewa iishe, kwani furushi lililolegea hupepesuka kila unapokanyaga. Vipande vya tyubu kuukuu hufunga vizuri kuliko kamba nyingi za dukani, nami huvitumia. Ila kata ncha zote zinazoning'inia karibu na gurudumu.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kupanda takriban mita 1,000. Kupanda kutakuchosha tu, lakini wakati wa kushuka baiskeli yenye mzigo huchelewa kusimama, kwa hiyo badilisha raba za breki kabla ya kuondoka Moshi, na ufunge breki kwa vipindi badala ya kuzishikilia mfululizo.

Wiki moja kabla ya safari, pakia kila kitu pamoja na maji yote, uendeshe kilomita 20 kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, kisha ukague kila fundo na kila nati.