Spinoza hakumkana Mungu

Wapo wanaodai kwamba Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi wa karne ya 17, alisema Mungu hayupo. Hapana, hakusema hivyo. Alisema kilichopo ni kimoja tu, nacho ndicho Mungu, au ukipenda, Maumbile. Fungua utangulizi wa sehemu ya 4 ya kitabu chake, Ethica, utakuta "Mungu au Maumbile" hivyohivyo, na sehemu ya 1 nzima inamhusu Mungu. Ila huyo si wa kuombwa mvua: hakasiriki, hana upendeleo, hatendi kwa kusudi fulani. Kumpenda ni kuelewa mambo yanavyokwenda, na raha ya kweli iko hapo. Wengi wakamwita kafiri, sishangai. Halafu, anayesema kwamba Wayahudi wenzake wa Amsterdam walimtenga kwa sababu ya kitabu hicho cha Ethica anakosea: walimtenga 1656, kitabu kilichapwa 1677, mwenyewe keshakufa.