Jibu: Kwa nini Caniff aliiacha Terry

Ndugu, umeuliza kwa nini mchoraji Mmarekani Milton Caniff aliachana na Terry and the Pirates, katuni yake ya magazetini, ilipokuwa kileleni. Ni kwa sababu haikuwa mali yake. Aliianza mwaka 1934, lakini haki zote zilikuwa za kampuni iliyoisambaza magazetini. Yeye alikuwa mtu wa mshahara tu.

Na mkono wenyewe ulikuwa si wa mchezo! Tazama wino wake: nusu ya uso imezama gizani, nusu inamulikwa kama kwenye sinema. Oktoba 1941 alimuua Raven Sherman, mhusika aliyesukumwa kutoka kwenye lori, na wasomaji wakamwandikia barua kana kwamba wamefiwa na jirani.

Desemba 1946 akaiaga Terry. Tarehe 13 Januari 1947 ikatoka katuni yake mpya, Steve Canyon, safari hii haki zikiwa mikononi mwake. Terry ikakabidhiwa kwa mchoraji mwingine, George Wunder, akaendelea nayo hadi 1973. Mimi ya Wunder hainikolei, nyuso zake kama zimechongwa kwa shoka. Ukitaka kuisoma Terry ya Caniff, ruka miaka miwili ya kwanza. Caniff alikuwa bado anajitafuta.